Nilisahihisha Kivuli

Oldonyo Sambu
Jumanne, 9 Aprili 2024

Mpendwa Naserian,

YAH: KOSA LA KIPIMO KATIKA MAKALA YANGU

Utanicheka kwa kuandika "Yah" kwenye barua pepe, lakini miaka thelathini ya ofisi ya mifugo haitoki mkononi kwa miaka mitatu ya kustaafu. Na leo mimi sicheki.

Asubuhi nimekaa na chai nikaisoma upya makala yetu ya kuogesha ndama na mbuzi, ile uliyoiweka kwenye tovuti tarehe tatu. Nimeandika: dawa mililita mia kwa maji lita kumi. Naserian, ni mililita kumi. Kumi! Sifuri moja imezidi, nami ndiye niliyeiongeza, maana nimefungua daftari langu na humo pia nimeandika mia. Sijui nilikuwa nawaza nini. Dawa ile kwa kipimo hicho inaua ndama, na anayeipuliza naye hayuko salama.

Mvua zimeanza, kupe wamejaa kwenye majani kama ufuta. Kila boma huku linaogesha mwezi huu. Na watu wananiamini. Wanasema, "Mama Afisa ameandika," basi, mjadala umekwisha.

Nakuomba uache kila unachofanya huko Sekei, usahihishe sasa hivi; kiungo cha makala nimekiambatisha. Usinipigie. Unajua sikio la kulia limekufa kabisa, na la kushoto linapata mvumo tu. Niandikie. Nitakaa na simu mkononi mpaka nione jibu lako.

Mama yako mkubwa,
Tabea Nanyaro


Sekei, Arusha
9 Aprili 2024, saa tano asubuhi

Mama Mkubwa, shikamoo.

Vuta pumzi kwanza. Nimeshasahihisha. Fungua kiungo ulichonitumia uone mwenyewe: mililita kumi. Juu yake nimeweka sanduku jekundu linalosema kipimo cha awali kilikuwa na kosa.

Uzuri wa tovuti yetu ni kwamba si gazeti lililokwisha kuchapwa. Mimi naandika mafaili ya maandishi matupu, programu inayageuza kuwa kurasa zote kwa mkupuo mmoja, hata dakika haiishi. Nimebadilisha faili, nimejenga upya, nimepandisha. Imekwisha.

Siku sita si nyingi. Nimeangalia waliofungua ukurasa huo: watu kumi na wanne, na nusu yao huenda ni mimi na wewe. Usijitese, kunywa chai yako. Mama anakusalimu kutoka Akheri, anauliza kama zile ndizi alizokutumia zilifika nzima.

Mwanao,
Naserian


Oldonyo Sambu
Jumanne, 16 Aprili 2024

Naserian mwanangu,

Sijui nianzie wapi.

Kuna kijana anaitwa Lesian, boma lake liko ng'ambo ya shule ya msingi. Juzi Jumamosi alipoteza ndama watatu kwa siku moja. Mimi nilipata habari jana, nikaenda. Wawili walikuwa wamekwisha kufukiwa. Wa tatu walimwacha ili nimwone. Povu lilikuwa limemkaukia mdomoni, miguu imenyooka kama mbao. Sikuhitaji kumpasua. Nilijua.

Aliyewaogesha si Lesian, ni mke wake, Silantoi. Alibeba bomba la mgongoni, na bomba lenyewe linavuja, kwa hiyo dawa ikawa inamshukia mgongoni muda wote. Usiku ule alianza kutokwa jasho na mate, akasema haoni vizuri. Jumapili walimpeleka hospitali huko mjini. Bado amelazwa.

Nilimuuliza Lesian walipima vipi. Alisema kitu, sikusikia. Nikamsogezea sikio la kushoto. Akarudia kwa sauti ya kuita ng'ombe, na boma zima likasikia: "Tulipima vizuri, Mama Afisa. Mia kwa kumi, kama ulivyoandika."

Walikuwapo wanawake sita pale, na wazee wawili. Wote walinitazama. Niliaga nikaondoka kama mwizi.

Sasa nisikilize vizuri. Kama waliisoma kabla ya tarehe tisa, ni mzigo wangu na nitaubeba. Lakini Lesian anasema Silantoi aliisoma asubuhi ileile ya Jumamosi, tarehe kumi na tatu, siku nne baada ya wewe kusahihisha. Nimemwambia haiwezekani. Niambie na wewe kwamba haiwezekani.

Tabea


Sekei
Jumatano, 17 Aprili 2024

Mama Mkubwa, shikamoo.

Pole sana. Nimeshtuka mno.

Kuhusu swali lako: ukurasa uliosahihishwa una kumi tangu tarehe tisa, nimeuangalia tena. Simu nyingine hutunza kurasa za zamani. Inawezekana dada huyo aliufungua siku za mwanzo, na Jumamosi simu ikamwonyesha uleule iliokuwa imeutunza. Hutokea.

Leo nafanya marekebisho madogo kwenye tovuti, ukiona haifunguki kwa muda usishtuke.

Nakuomba kitu kimoja. Usizungumze na watu kwanza kuhusu jambo hili. Tusubiri tuone.

Naserian


Oldonyo Sambu
Ijumaa, 19 Aprili 2024

Naserian,

Tusubiri tuone nini? Mwanamke yuko kitandani.

Nimekuelewa habari ya simu kutunza kurasa, ingawa sijaielewa kwa kweli. Basi ni zile siku sita. Ni zangu. Jumapili baada ya ibada nitasimama mbele ya usharika niseme kwa mdomo wangu: Tabea alikosea, ni kumi, si mia, na aliyeandika mahali afute. Mchungaji amekubali. Aliniuliza kama ninaogopa. Nikamwambia naogopa kwa mara ya kwanza tangu nilipomzaa mwanangu wa kwanza, na yule hakuishi.

Nina ombi. Hospitali iko karibu nawe. Lesian amelazimika kurudi nyumbani kwa ajili ya ng'ombe waliobaki, Silantoi yuko peke yake. Nenda umwone. Mpikie mtori wa ndizi, usiwe mzito, koo lake bado bovu. Mwambie mimi nitakuja wiki ijayo, nikipata uso wa kuja nao.

Mama yako mkubwa,
Tabea


Hospitalini, Arusha
Jumapili, 21 Aprili 2024, saa kumi jioni

Mama Mkubwa, soma mistari hii kwanza, mengine utasoma baadaye.

Yiamat, kaka yake Lesian, yule aliyehamishia mbuzi malishoni chini upande wa Mkuru, anaogesha KESHO ASUBUHI kwa kipimo cha mia. Silantoi aliupiga picha ukurasa wetu akamtumia Jumamosi ile kabla hajaanza kuugua. Lesian hajui. Alhamisi Yiamat alipanda mlimani akapata mtandao, akajibu: "Asante shemeji, Jumatatu naogesha." Silantoi ameuona ujumbe huo leo tu, mbele yangu, alipoweza kushika simu. Tumempigia mara ishirini, hapatikani. Simu ya nyumbani kwa Lesian ni hiihii aliyonayo Silantoi. Kule chini simfahamu mtu mwingine, wewe unawafahamu wote. Nenda, Mama Mkubwa. Nenda sasa.

Mimi siwezi kuondoka. Silantoi alianza kubanwa pumzi saa nane, muuguzi akasema jamaa yake asitoke, kuna dawa za kufuata na vipimo vya kupeleka. Hana jamaa mwingine hapa. Jamaa ni mimi.

Mengine ni haya.

Nilimletea mtori. Ni mdogo kuliko nilivyofikiri, labda ana umri wangu. Vidole vyake vinacheza vyenyewe juu ya shuka. Nikamwambia mimi ni mtoto wa mdogo wake Mama Afisa. Akatabasamu, akasema, "Mwambie yeyo, mama yetu, sikumkosea. Nilipima kwa kile kikombe chenye mistari. Nilipima mara mbili."

Nikamuuliza alisoma lini. Alinionyesha simu. Alikuwa ameandika kwenye Google, "kipimo cha dawa kuogesha ndama," na ukurasa wetu ukatoka wa kwanza kabisa. Picha aliyoipiga ina tarehe kumi na tatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Mililita mia.

Simu yake haikutunza kitu, Mama Mkubwa. Nilikudanganya.

Uliponiambia mwanzoni kwamba makala hii iwafikie wa ng'ombe na wa mbuzi, nililinakili faili. Moja nikaweka upande wa ng'ombe, moja upande wa mbuzi. Makala moja, anwani mbili. Google ikikuta mapacha haijui imwonyeshe mtu yupi. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa mbuzi niliandika mstari mmoja ambao msomaji hauoni, tunauita kiungo cha canonical. Mstari huo unasema hivi: mimi ni nakala kivuli, halisi iko kule kwa ng'ombe, wapelekeni watu kule.

Tarehe tisa ulinitumia kiungo cha mbuzi. Nikasahihisha cha mbuzi. Cha ng'ombe sikukikumbuka kabisa. Wewe umeishi na majalada, utanielewa: nilisahihisha kivuli, nikaacha halisi. Kila aliyetafuta tangu siku ile alipelekwa kwenye mia. Ukurasa wenye kumi hakuna aliyeonyeshwa, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika kwamba si halisi.

Nililigundua kosa hili tarehe kumi na saba, dakika tano baada ya kusoma barua yako. Nilirekebisha kimyakimya, kisha nikakuandikia zile habari za simu. Niliogopa. Niliona wewe umeshajilaumu, nikakuacha ujilaumu.

Nenda kwa Yiamat.

Naserian


Hospitalini
Jumatatu, 22 Aprili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Mama Mkubwa, umesoma? Niandikie neno moja tu, "nimesoma."

Nimekupigia ingawa najua husikii. Inaita mpaka inakata. Silantoi ananiuliza kila saa na mimi namwambia umeshaenda. Sijui kama umeenda.


Jumatatu, 22 Aprili, saa nne asubuhi

Kumekuwa na jua tangu saa moja. Kule kwenu bila shaka ni jua pia, na watu huogesha kukiwa na jua. Nimempigia mchungaji wako, yuko safarini. Sasa simu yako haiiti kabisa.

Nijibu.

N.


Oldonyo Sambu
Jumanne, 23 Aprili 2024

Naserian,

Yiamat yuko hai. Naandika hilo kwanza kwa sababu najua unangoja.

Simu niliiacha dukani kuchaji Jumapili, nilipokwisha kukiri kosa langu mbele ya usharika. Umeme ukakatika, mwenye duka akafunga, nikaipata jana saa moja asubuhi. Nilisoma mistari yako ya juu, ya chini sikusoma. Nilimkodi Solomoni wa pikipiki nikamwambia asisimame kwa lolote. Njia ya kushuka malishoni ni matope matupu. Tulianguka mara mbili, na mara ya pili kiatu changu kimoja na simu vilibaki humo. Simu Solomoni aliirudia, imekauka leo ndiyo nakuandikia. Kiatu sikukirudia.

Harufu niliipata kabla sijaliona boma. Masikio yamekufa, pua bado. Ni ile harufu ya stoo ya dawa iliyofungwa wiki nzima, nayo ilikuwa inatoka uwanjani, kwenye upepo.

Yiamat alikuwa na bomba mgongoni. Mama yake, bibi wa miaka sabini na kitu, alikuwa anawashika mbuzi pembe mmoja mmoja, mikono imelowa mpaka viwikoni. Kumi na mmoja walikuwa wamekwisha kupulizwa. Zizini walibaki zaidi ya mia.

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini, mimi mwenyewe sijisikii siku hizi. Yiamat alinisogelea, akasimama karibu sana, na mdomo wake nikausoma vizuri.

"Wewe ndiye uliyeandika mia?"

"Mimi."

"Na leo unasema kumi."

"Ni kumi, mwanangu."

"Wiki ijayo utasema ngapi?"

Miaka thelathini nimezunguka maboma haya, nimewazalisha ng'ombe wa baba yake. Nilimwambia, "Usiniamini mimi, leta chupa tusome pamoja." Akaileta. Maandishi ni ya Kiingereza, madogo kama mayai ya chawa, na pale kwenye kipimo karatasi imelowa imechubuka. Ndiyo maana watu wanasoma kwetu, Naserian. Sikuwahi kulifikiria hilo mpaka nilipokuwa nimeshika ile chupa.

Tulikuwa bado tumeiinamia, beberu mmoja mweupe akapiga magoti. Akaanza kutikisika, mate yakamtoka. Bibi alimwachia mbuzi aliyekuwa amemshika, akaitazama mikono yake.

Hapo Yiamat alilivua bomba akalitupa mbali. Tulimwosha bibi kwanza, maji na sabuni ya mche, mikono na uso na shingo, tukamvua shuka lake lililolowa. Kisha Yiamat mwenyewe. Kisha mbuzi, mpaka maji yao ya kunywa ya wiki nzima yakaisha kwenye mapipa. Wanne walikufa kabla ya saa sita. Bibi alitapika, Solomoni akampeleka zahanati. Leo asubuhi wamemruhusu. Nilikwenda kumpokea. Hakunipa mkono, lakini pia hakunifukuza.

Barua yako yote niliisoma leo.

Nimeandika aya hii mara tatu na kuifuta mara tatu. Kosa langu lilikuwa sifuri moja. Lako ni siku nne. Ungeniambia Jumatano ile, Alhamisi ningekuwa nimekaa kando ya kitanda cha Silantoi nikimuuliza amemwonyesha nani. Ulijua kwamba nitajilaumu upesi, ukaitumia tabia yangu hiyo. Hilo limeniuma kuliko mambo ya viungo vyenu. Nakupenda. Nimekasirika. Yote mawili yako humu ndani na hakuna linalompisha mwenzake.

Sasa nikuambie na langu. Ijumaa tarehe kumi na mbili nilikuwa gulioni. Mwanamke mmoja alinishika mkono katikati ya watu, akaniuliza kitu. Kelele zilikuwa nyingi, sikupata hata neno. Nikatabasamu nikatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Nimekuwa nikifanya hivyo mwaka mzima, kwa sababu naona haya kusema sisikii. Leo bomani kwa Lesian nimeona picha ya harusi ukutani. Ni yeye. Ni Silantoi.

Sijui aliniuliza nini. Muulize, uniambie. Usinifiche.

Tabea


Sekei
Jumamosi, 4 Mei 2024

Mama Mkubwa, shikamoo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya swali lako la mwisho. Sikuhitaji kumuuliza. Aliniambia siku ile ya kwanza, Jumapili, nikiwa bado nimeshika chupa ya mtori. Sikukuandikia. Safari ile nilidhani nakuhurumia. Sasa naona ni kuficha kulekule, limebadilishwa vazi tu.

Alisema mia ilimtia wasiwasi tangu alipousoma ukurasa mara ya kwanza. Mwaka jana walitumia dawa kidogo kuliko hiyo. Mumewe akamwambia labda dawa ya mwaka huu ni nyepesi. Ndipo alipokufuata gulioni. Maneno yake ni haya: "Nilimuuliza yeyo, ni mia kweli? Akacheka, akaitikia kwa kichwa." Halafu Jumamosi asubuhi akatafuta tena kwenye simu ili awe na uhakika kabisa, na simu ikamwambia mia.

Aliuliza mara mbili, Mama Mkubwa. Mara moja kwako na mara moja kwangu. Sote wawili tulimjibu ndiyo.

Ametoka hospitali tarehe thelathini, utakuwa umesikia. Nilimsindikiza mpaka kwenye gari. Siku hiyo ndipo nilipomweleza mimi ni nani hasa, kwamba ukurasa ule niliujenga mimi. Akasema, "Kumbe." Akapanda gari.

Ya tovuti ni haya. Faili limebaki moja tu. Ile anwani ya mbuzi haina tena makala, inampeleka msomaji moja kwa moja kwenye hiyo moja. Kiungo cha canonical siandiki tena kwa mkono, kiolezo chenyewe ndicho kinachokiandika, na programu inagoma kujenga tovuti ikikuta makala mbili zinazofanana. Nimeijaribu kwa kuidanganya makusudi mara kumi. Imegoma mara kumi.

Lakini Google ina kumbukumbu yake na hurudi kukagua kwa wakati wake. Ukurasa ulikuwa umekwisha kubadilika, ila chini ya jina la makala, kwenye yale maneno mawili matatu wanayomwonyesha mtu kabla hajafungua, iliendelea kusoma "mililita mia" siku baada ya siku. Niliomba waukague upya, nikaomba tena. Kila asubuhi nilikaa na simu mapajani nikiogopa kutafuta. Siku nyingine nilimpa mama atafute yeye. Tarehe mbili mwezi huu ilisoma kumi. Nilimwambia mama arudie. Ikasoma kumi. Nikaenda uani nikalia, mama akafikiri kuna msiba.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kulirekebisha, na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine. Kati ya tarehe tisa na kumi na saba, watu sitini na mmoja walifungua ukurasa wa ng'ombe. Naona idadi, sioni majina. Mmoja ni Silantoi. Sitini siwajui, wala sijui wako wapi, na wao hawajui kwamba kuna mtu anawatafuta. Nimeandika onyo kila mahali nilipoweza. Redio mbili zimekubali kulisoma bila malipo. Bado nikisikia simu inaita kwa namba nisiyoijua, naipokea kabla haijaita mara ya pili.

Nitakuja huko utakaponiita. Usiponiita nitaelewa.

Mwanao,
Naserian


Oldonyo Sambu
Jumatano, 8 Mei 2024

Naserian,

Nimeipata. Nimeisoma mara moja, inatosha.

Jana nilikwenda boma la Lesian. Nilimwambia Silantoi mbele ya mume wake kwamba siku ile gulioni sikusikia. Kwamba mimi ni kiziwi, na nimewaficha. Ni mara ya kwanza kulitamka neno hilo mbele ya watu. Lesian aliinuka akatoka nje. Silantoi alibaki. Alisogea upande wangu wa kushoto, akasema pale sikioni, polepole, "Ungesema tu husikii, ningerudia."

Sikulala vizuri. Leo nimeandika kwenye kipande cha boksi, kwa kalamu nene: SISIKII, NIANDIKIE. Nimekitundika shingoni kwa kamba nikaenda nacho dukani. Watu wamenishangaa, lakini wameandika.

Silantoi anasema atatuandikia sote wawili. Usije kabla ya hapo.

Mama yako mkubwa,
Tabea


Oldonyo Sambu
17 Mei 2024

Kwa yeyo Tabea na dada Naserian,

Salamu. Mimi Silantoi. Barua hii nimeiandika kwa siku mbili kwa sababu mkono wa kulia bado unatetemeka. Pale mlipoona mwandiko umeharibika ndipo nilipopumzika. Solomoni ataileta kwa yeyo, na dada nimeomba mwalimu aipige picha amtumie.

Watu wananiuliza kama nimewasamehe. Mchungaji naye ameuliza. Sijui. Nikikamua, maziwa yanamwagika nje ya kibuyu, na kila yakimwagika nawakumbuka ninyi wawili. Halafu nakumbuka mtori, na dada akikimbia bila viatu kule hospitalini na kikaratasi cha maabara. Sijui niweke wapi yote hayo. Nikijua nitawaambia.

Nina jambo. Hapa kwetu wanawake ndio tunaoogesha ndama, wanaume wakiwa mbali na ng'ombe. Nimewauliza wenzangu. Tuko kumi na saba. Tangu habari hii hakuna aliyethubutu kugusa dawa, na sasa ndama wameanza kufa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Jirani yangu Anyesi amepoteza wawili wiki hii. Wanaogopa dawa na wanaogopa kupe. Wanaogopa na simu. Mimi mwenyewe jana nilishika ile chupa, jasho likanitoka mgongoni palepale palipolowa siku ile, nikairudisha.

Yeyo, njoo utufundishe kupima. Usituambie namba. Tuonyeshe kwa mikono, kila mmoja apime mbele yako, na asiyeelewa aulize, na wewe usipomsikia useme. Dada, njoo na wewe. Njoo uandike tunayouliza, kama tunavyouliza sisi, ndiyo uyaweke huko kwenye tovuti. Na jina langu uliandike. Watu wajue aliyeugua anaitwa nani.

Iwe Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe ishirini na tano, saa tatu. Lesian hatakuwapo. Bado hataki kuwaona, na mimi nimemwomba siku hiyo apeleke ng'ombe mbali.

Njooni na ndoo zenu za kuchanganyia. Zetu tumezifukia pamoja na ndama.

Silantoi